Picha Iliyochelewa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajagonga mlango, Kifungo alikisafisha chumba cha kushonea. Alifagia vipande vya vitambaa, akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini na sindano, kisha akajaza uzi kwenye bobini za cherehani ili Mama asisimame katikati ya mshono. Kazi ya sumaku ndiyo aliyoipenda zaidi. Pini zilizojificha kwenye nyufa za sakafu ziliruka zenyewe na kuganda, naye alizihesabu kama mvuvi anayehesabu dagaa.

Jina la Kifungo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Mama yake alikuwa fundi hodari, lakini ahadi zake zilikimbia kuliko cherehani yake. Mteja akija kuulizia gauni, Mama alimjibu kwa sauti tamu, "Liko tayari, bado vifungo tu." Mara nyingine gauni lenyewe lilikuwa bado kitambaa kilichokunjwa mfukoni, hakijaonja mkasi. Basi Mama alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili na siku zikapita bila uchungu kuanza, wateja walimcheka: "Hata huyu bado vifungo tu!" Mtoto alipozaliwa, wakamwita Kifungo, na jina likamganda kuliko pini kwenye sumaku.

Mtoto wa kwanza alikuwa Dada. Huyo hakupenda sindano wala uzi. Marehemu baba yao alikuwa fundi wa pikipiki, na Dada alikulia gereji, akanawa mikono kwa petroli kabla ya kujua kunawa kwa sabuni. Baba alipofariki, Dada alikuwa ameshajua kufungua injini na kuifunga. Alipokua alichukuliwa na timu ya mbio za pikipiki katika mji wa mbali. Kila alipoondoka baada ya likizo, Mama alimbusu kwenye paji la uso, akaingia ndani, akashona mpaka giza likaingia.

Mbio zile hazikuonyeshwa kwenye televisheni. Zilirushwa moja kwa moja kwenye mtandao, na aliyetaka kuzitazama alipaswa kulipia. Mama alilipia msimu mzima. Shangazi, dada yake marehemu Baba, aliposikia alishika kiuno.

"Wifi, pikipiki zinapita hapa nje kutwa nzima, zinatupigia honi, zinatumwagia vumbi, bure kabisa. Wewe unatoa pesa kuziona?"

"Hizo za nje hazijabeba mwanangu," Mama akamjibu.

Ajabu ni kwamba Mama aliyelipia hakutazama hata mara moja. Siku ya mbio, Kifungo aliegemeza tableti kwenye mkebe wa vifungo juu ya meza ya kupigia pasi. Mama alikaa kwenye cherehani yake, mgongo ukiielekea skrini, akashona. Alisema macho yake hayawezi kumwona mtoto wake akilala kwenye kona, goti likikaribia kugusa lami. Kwa hiyo Kifungo alikuwa macho yake. Kwenye helmeti ya Dada, upande wa kisogoni, palichorwa kifungo cheupe chenye matundu manne. Dada alikichora mwenyewe kwa ajili ya mdogo wake. Kila mzunguko ulipoisha na pikipiki kupita mbele ya kamera, Mama aliuliza bila kugeuka:

"Yupo?"

Kifungo alikitafuta kile kifungo cheupe katikati ya moshi na rangi. "Yupo."

Cherehani ikaendelea kulia. Mzunguko mwingine, "Yupo?" "Yupo." Mama hakutaka kujua Dada ni wa ngapi. Neno hilo moja lilimtosha, na alilipokea kama mtu anayepokea maji ya kunywa.

Wakati wa mbio simu ya Mama ilikaa kwa Kifungo. Wateja wakipiga, alijua la kuwajibu: "Mama ametoka kidogo, piga baadaye." Mama alikuwa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake, akitabasamu huku akikata uzi kwa meno.

Mbio za kwanza za msimu ziliwachekesha. Dada alikuwa bado anaonekana kwenye skrini, anakimbia mzunguko wa mwisho, simu ikalia. Kifungo akapokea akasikia sauti ya Dada mwenyewe, anahema, anacheka.

"Nimemaliza! Wa tano!"

"Umemalizaje na bado unakimbia?" Kifungo alipiga kelele. "Nakuona! Uko kwenye kona!"

Aliyechukua simu akawaeleza ni Spana, fundi wa timu, ambaye jina lake lingine hakuna aliyelijua. Alisema picha za mtandaoni hazifiki papo hapo. Zinakusanywa, zinasafirishwa, zinapanga foleni. "Mnachokiona ninyi kimeshapita," alisema. "Mko nyuma yetu kwa dakika kadhaa." Walicheka sana. Mama naye alicheka, akasema hata mtandao nao ni fundi cherehani, kila siku bado vifungo tu.

Katikati ya msimu Mama alianza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Zahanati walimpima, wakakuta presha iko juu. Alipewa vidonge, akaviweka kwenye droo ya cherehani pamoja na mikasi. Siku hiyo Shangazi alimvuta Kifungo nje ya mlango.

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako sasa ni wa kubebwa kama mayai. Habari mbaya isimfikie ghafla. Likitokea lolote, wewe limeze, unitafute mimi kwanza. Umenielewa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Akifa mama yako kwa mshtuko, utabaki na nani?"

Swali hilo halikuwa la kumwuliza mtoto wa miaka kumi na miwili. Kifungo alilala nalo, akaamka nalo. Akawa anamtazama Mama akipanda ngazi, akikohoa, akinyanyua ndoo, kila mara akihofu ataanguka.

Wiki ya mbio za mwisho, Dada alipiga simu akiwa na furaha tele. Timu ilikuwa imempa suti mpya ya ngozi. Mama hakuuliza rangi wala bei.

"Umehamisha kile kitambaa?"

Ndani ya ukosi wa suti ya zamani, Mama alikuwa ameshona kitambaa cheupe, na juu yake, kwa uzi mwekundu, akatarizi jina la dawa ambayo mwili wa Dada haukuivumilia. Kifungo alikuwa amekiona mara nyingi. Lilikuwa neno la kidaktari, na hakuwahi kujisumbua kulikariri.

"Nitakihamisha, Mama," Dada alisema. "Bado vifungo tu!"

Wote watatu walicheka, Mama kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi ya mbio ilikuwa ya jua kali. Mama alikuwa anashona sare za shule, lundo la mashati meupe likiwa kwenye kiti. Tableti ilikaa mahali pake, simu ikawa mfukoni mwa Kifungo. Pikipiki zilianza mbio, na Dada alitoka vizuri.

"Yupo?"

"Yupo. Leo amewaacha wengi, Mama."

"Sikukuuliza wengi."

Kifungo akatabasamu. Mizunguko ikapita. Mara simu ikatetemeka. Alidhani ni mteja, akaiweka sikioni macho yakiwa kwenye skrini. Ilikuwa sauti ya Spana, na nyuma yake watu walikuwa wanapiga kelele.

"Nani? Kifungo? Mpe mama simu. Haraka. Dada yako ameanguka, daktari ana swali."

Kifungo aliitazama skrini. Dada alikuwa hapo. Pikipiki yake ya kijani ilikuwa inatoka kwenye kona, imenyooka, na kile kifungo cheupe kilionekana wazi kisogoni. Hakuna aliyeanguka. Jua lilikuwa linawaka kwenye helmeti yake.

"Yupo?" Mama akauliza.

Sikioni mwa Kifungo kulikuwa na habari ya Dada ambaye ameshaanguka, na machoni palikuwa na Dada ambaye bado anakimbia. Kilichokuwa kati yao ni ile foleni ya picha waliyoicheka siku ya kwanza. Maneno ya Shangazi yakamjia, utabaki na nani, na mdomo wake ukajibu kabla akili haijajibu.

"Yupo."

Cherehani ikaendelea. Simuni Spana aliita, "Kifungo! Umesikia?"

"Mama ametoka kidogo," Kifungo akasema, kwa sauti ile ile ya kuwajibu wateja. "Piga baadaye." Akakata simu. Halafu akanyoosha mkono akaizima tableti, kwa sababu alijua kinachokuja, na mawazo yake ya kitoto yalimwambia kwamba picha isipofika, basi jambo lenyewe halitafika.

"Mbona kimya?" Mama aliuliza.

"Bando limeisha."

"Si tuliweka jana?"

"Labda ni mtandao, Mama. Nakwenda nje nijaribu."

Nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo, alimpigia Shangazi. Hakupatikana. Akapiga tena. Hakupatikana. Kwa mara ya kwanza alielewa kuwa jambo alilolimeza ni kubwa kuliko koo lake. Simu ikalia mkononi. Ni Spana tena.

"Niambie mimi," Kifungo alisema, machozi yakimtoka. "Mama ana presha. Niambie mimi."

Spana hakumkaripia. "Haya, mwanangu, sikiliza. Dada yako yuko hai, lakini hajazinduka. Mfupa wa mguu umetokeza nje, na kidonda kimejaa mchanga. Daktari anataka kumchoma dawa ili kisioze. Anauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mimi nakumbuka alikuwa na kitambaa kwenye suti ya zamani, lakini sikuwahi kukisoma, na suti yenyewe haiko hapa. Wewe unalijua hilo jina?"

Kifungo alifumba macho. Aliuona ukosi, akauona uzi mwekundu, akaona hata mahali ambapo Mama alikosea akafumua. Neno lenyewe hakuliona. Alikuwa na macho yaliyokitafuta kifungo cheupe msimu mzima bila kukipoteza, na macho hayo hayo hayakuwahi kulisoma neno lililobeba uhai wa dada yake.

"Silijui," alisema. "Mama ndiye anayelijua."

"Basi mtafute, popote alipo. Daktari hawezi kusubiri sana."

Popote alipo! Mama alikuwa nyuma ya ukuta mmoja, anashona. Kifungo alisimama pale kwenye kamba, na alichokiogopa sasa kilikuwa pande zote mbili. Akisema, huenda Mama akaanguka. Asiposema, huenda Dada asiamke. Hakuwa na Shangazi wa kumwuliza. Akapiga moyo konde, akaingia ndani.

"Mama. Dada ameanguka. Yuko hai. Spana yuko kwenye simu, na daktari anataka kujua ile dawa."

Cherehani ilinyamaza. Mama alifanya alichokifanya kila siku anapoacha mshono: aliinua sindano, akainua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, akalitoa shati taratibu. Halafu akanyoosha mkono apewe simu. Uso wake ulikuwa umepauka kama lile shati, lakini sauti haikutetemeka.

"Penisilini," alisema. "Mwambie daktari asimchome penisilini wala dawa yoyote ya ukoo wake. Alichomwa akiwa mdogo, koo likavimba, nusura nimzike. Rudia nisikie." Akasikiliza. "Sasa mpe daktari naye arudie." Akasikiliza tena. "Anapumua? ... Haya. Nakuja."

Akaiweka simu mezani. Akafungua droo, akatoa kidonge chake, akamwambia Kifungo alete maji, akakimeza. Kisha akakaa, mikono yote miwili juu ya magoti, akipumua polepole kama walivyomfundisha zahanati. Hakuanguka. Kifungo alikuwa amesimama tayari kumdaka, na Mama hakuanguka.

"Spana amesema alipiga mara ya kwanza ukamwambia nimetoka."

Kifungo hakuweza kuinua kichwa. "Ndiyo, Mama."

"Nilikuuliza yupo."

"Kwenye picha alikuwepo."

Kifungo alitamani apigwe, afokewe, afanyiwe chochote. Mama alisimama tu, akaanza kufungasha nguo za safari.

Walisafiri jioni hiyo pamoja na Shangazi, ambaye simu yake ilikuwa imezimika chaji sokoni. Walipofika hospitali kulikuwa kumekucha. Dada alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Mguu wake ulikuwa umefungwa vyuma, bega limefungwa bendeji, midomo imekauka. Alikuwa amezinduka. Alipomwona Mama mlangoni alijaribu kufanya mzaha, kama kawaida yake.

"Mama, kile kitambaa... bado vifungo tu."

Hakuna aliyecheka. Dada mwenyewe alianza kulia, na Mama akaushika mkono wake mzima, akakaa kando ya kitanda.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukesha. Aliongea na Mama ukumbini, Kifungo akiwa amesimama kando.

"Kidonda cha namna ile hakisubiri, mama. Tulikuwa tumeambiwa mzazi hapatikani. Dawa ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano, na ilikuwa ni penisilini hiyo hiyo. Fundi wao ndiye aliyenishika mkono akaniomba nimpe nafasi apige simu mara moja zaidi. Ungechelewa kidogo tu, sijui tungekuwa tunaongea nini sasa."

Kifungo alikaa kwenye benchi. Mara moja zaidi. Kama Spana angekuwa mtu wa kukata tamaa, au kama yeye angeiacha simu ilie! Alilia bila sauti, akajifunika uso kwa mtandio wake. Baadaye alihisi mtu amekaa upande mmoja, na mwingine upande wa pili. Walikuwa Mama na Shangazi.

"Nimekosa, Mama," alisema. "Niliogopa utakufa."

"Najua uliogopa. Ndiyo maana sikukupiga." Mama akaufunua mtandio usoni pake. "Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Baba yako alipolazwa, wewe ulikuwa mchanga, nilikuwa nakunyonyesha. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi. Siku moja nikaambiwa nisiende, nipumzike, mtoto ataugua. Nikauliza, yupo? Wakaniambia yupo, anaendelea vizuri, karibu ataruhusiwa. Nikafurahi. Nikakaa kwenye cherehani, nikamshonea shati jeupe la kutokea hospitali. Nilishona mchana kutwa, nikaimba. Kesho yake nikalipiga pasi, nikalibeba. Nilipofika wodini nikakuta kitanda kimetandikwa. Alikuwa amefariki tangu jana yake asubuhi. Nilimshonea shati mtu aliyekwisha kufa, na nilikuwa naimba."

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia yupo," alimwambia Kifungo kwa sauti ndogo. "Nilidhani namsitiri. Na wewe ndiye niliyekufundisha kumeza. Wifi, mtoto hana kosa peke yake. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani," Mama akasema. "Lakini wimbo ule sijauimba tena. Tangu hapo, nikiuliza yupo, sitaki kutulizwa. Nataka kujua." Akamgeukia Kifungo. "Presha yangu ina dawa, iko kwenye droo. Kudanganywa hakuna dawa. Ungeniambia ukweli ningelia, pengine ningeanguka, mngeniinua. Ulipouficha, ulininyima nafasi ya kuwa mama yake wakati ananihitaji. Hujanilinda, mwanangu. Umeniacha nashona."

Kifungo alijiegemeza kwenye bega lake, akalia tena.

"Nami nina langu," Mama aliendelea. "Sauti uliyomjibu Spana naijua. Ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema nimetoka kidogo hali niko hapa. Nilidhani uongo wa kitambaa ni mdogo, hauumi mtu. Kumbe mdomo ukizoea uongo mdogo, siku ya jambo kubwa hauchagui."

Waliporudi nyumbani, mteja wa kwanza aliyekuja kuulizia gauni alipata mshangao wa mwaka. Mama alimtazama usoni akasema, "Sijakata hata kitambaa. Njoo mwisho wa wiki." Mteja aliondoka akiwatangazia majirani kwamba fundi anaumwa. Ila mwisho wa wiki alipokuja, gauni lilikuwa tayari, na vifungo vyake vyote.

Dada alikaa nyumbani miezi mingi. Alitembea kwa magongo, baadaye kwa fimbo, kisha kwa kuchechemea, na mwishowe kama zamani. Kifungo ndiye aliyeshona kitambaa kipya kwenye ukosi wa suti, akatarizi jina la dawa herufi kwa herufi, kwa uzi mwekundu, na usiku wa kuamkia safari Dada alimfanya alitamke mbele ya wote. Alilitamka bila kukosea. Mama hakumzuia Dada kurudi mashindanoni. Alisema tu, "Nenda. Lakini safari hii nitatazama."

Siku ya mbio, Kifungo alipoingia chumbani alikuta cherehani imegeuzwa. Ilikuwa inaielekea meza ya kupigia pasi. Mama alikaa, kidonge ameshakimeza, kitambaa mikononi, macho kwenye skrini. Kila Dada alipolala kwenye kona, Mama naye aliinama na kiti chake, na Kifungo alilazimika kuuma midomo asicheke. Mama hakuhitaji kuuliza. Walipohitaji kuona, waliona wote.

Mzunguko wa mwisho kabla ya ule wa kumalizia, picha iliganda. Pikipiki zilisimama katikati ya kona, zote zimelala, na duara dogo likaanza kuzunguka juu yake. Mama aliacha kushona.

"Yupo?" aliuliza. Mazoea hayaachi.

Kifungo aliitazama skrini. Kile kifungo cheupe kilikuwa pale, kimetulia, kinaonekana vizuri kabisa. Ingekuwa rahisi kusema yupo.

"Sijui, Mama. Picha imesimama."

Mama alimgeukia. Macho yake yalikuwa na maji, lakini alitikisa kichwa kukubali. "Ahsante. Basi tusubiri wote."

Wakasubiri. Duara lilizunguka. Kifungo alisogea karibu, Mama akamshika mkono, na kila mmoja alihisi jasho la mwenzake. Ndipo simu ikalia mfukoni. Kifungo aliitoa, na bila kuitazama ni nani, bila kuipeleka sikioni mwake, akamkabidhi Mama.

Mama alisikiliza. Mabega yake yalishuka polepole.

"Ni yeye," alisema. "Amemaliza. Wa kumi na moja, na anacheka."

Wakati huo huo picha ilizinduka. Pikipiki ziliinuka kutoka kwenye kona, na Dada akatokea, bado ana mzunguko mzima wa kukimbia. Mama hakukata simu. Aliishikilia sikioni huku sauti ya mwanawe ikimwambia yuko salama, na macho yake yakamfuata kwenye skrini, kona kwa kona, mpaka alipouvuka mstari ambao alikuwa ameshauvuka.

"Mwanangu," alimwambia Kifungo, bila kuyaondoa macho pale, "hiyo 'sijui' yako ya leo imenituliza kuliko zile 'yupo' zote. Ukijua, niambie. Usipojua, niambie hujui. Mengine nitayabeba mwenyewe, mimi ni mtu mzima."

Kisha akaweka mguu kwenye kanyagio, akaendelea na mshono wake. Baada ya muda Kifungo aliinua kichwa akasikiliza, kwa sababu chini ya mlio wa cherehani kulikuwa na sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika chumba kile. Mama alikuwa anaimba.